Nyamazeni na Sauti Mbichi

Jina alilopewa na mama yake walilijua wachache. Mtaa mzima ulimwita Nyamazeni, kwa sababu ndilo neno lililomtoka mdomoni kabla ya salamu. Akifungua dirisha, nyamazeni. Akitoka mlangoni, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, nyamazeni. Aliwanyamazisha mafundi wa kuchomelea vyuma waliokuwa ng'ambo ya barabara, watu wana kazi yao na wanalipia kodi pao. Aliwanyamazisha watoto wakitoka shule. Siku moja alimnyamazisha jogoo, na jogoo akamjibu. Mtu mzima hovyo! Ndivyo alivyokuwa, na mimi simsafishi.

Kazi yake ilikuwa kurekodi muziki nyumbani. Chumba alichorekodia kilikuwa cha kulala, chake na mkewe, mpaka siku alipokitwaa. Kitanda kikahamia sebuleni. Magodoro ya zamani yakasimamishwa ukutani, trei za mayai zikabandikwa darini, na blanketi zito ambalo mkewe alipewa na shangazi yake alipoolewa likatundikwa dirishani kuzuia kelele. Mkewe alipouliza yeye atajifunika nini, Nyamazeni alimjibu bila hata kugeuka, "Jifunike shuka, si kuna joto?" Mkewe alilisikia neno hilo. Aliliweka moyoni, akalitunza vizuri kabisa, na tangu hapo kila alipopata nafasi alilitoa.

Kompyuta ndiyo ilikuwa bwana wa chumba kile. Ilikuwa kuukuu, imeshapita mikono ya watu, ubavu wake umefunguliwa ili ipate hewa. Ikifanya kazi inanguruma, na Nyamazeni, ambaye hakuvumilia kelele ya mtu yeyote, kelele ya hiyo aliivumilia. Akaitwika mizigo ambayo punda angeipiga mateke.

Mzigo wenyewe ni plagini. Hivi ni vidude visivyoshikika, vinakaa ndani ya kompyuta, na kazi yao ni kupamba sauti. Hiki kinatia mwangwi, hiki kinanyoosha noti iliyopinda, kile kinamwongezea mwimbaji utamu ambao Mungu hakumpa. Na kila kimoja kinakula nguvu za prosesa, yaani ubongo wa mashine, muda wote wimbo unapopigwa. Fundi mwenye akili zake anaweka mwangwi mmoja tu, na sauti zote zinauchangia. Nyamazeni hataki kusikia! Kila sauti na mwangwi wake, kila ngoma na mwangwi wake, hata makofi ya kuitikia yalikuwa na mwangwi wao.

"Kwani watu wanachangia mswaki?" aliwauliza waliomshauri, na wakamwacha.

Kwenye kona ya skrini palikuwa na kimstari kinachoonyesha prosesa imebeba kiasi gani. Kikiwa kijani, mashine inapumua. Kikiwa chekundu, wimbo unaanza kukwaruza, unatoa vipande vipande, halafu kimya, na skrini inaganda. Kwa Nyamazeni kimstari hicho kilizoea wekundu. Dawa yake ipo, na wenzake wote wanaijua: unaigandisha sauti. Mashine inaipika mara moja pamoja na mapambo yake, unapata sauti iliyoiva, plagini zinazimwa, prosesa inapumzika. Ile sauti mbichi, ile aliyoitoa mtu kooni mwake, unaiweka pembeni, ukijuta unairudia.

Lakini Nyamazeni kujuta hakukujua. Akishaivisha, mbichi anaifuta. Anaifuta kabisa, hata kwenye pipa la takataka la kompyuta haimo.

"Ikae ya nini?" alisema. "Inanitazama tu."

Basi kanuni yake ilikuwa hiyo: kinachoielemea mashine kinaivishwa, na mbichi yake inafutwa, kisichoielemea hakiguswi, hana habari nacho. Kanuni ya ovyo, lakini aliishika kuliko alivyoshika maneno ya wazazi wake.

Sasa, alikuwa na dada yake mdogo, mwanamke mwenye sauti. Nikisema sauti, sitii chumvi. Akiimba hapo uani anaanika nguo, wale wachomelea vyuma wanazima mashine zao wenyewe bila kuambiwa nyamazeni. Wakakubaliana yeye na kaka yake warekodi nyimbo kadhaa. Damu zao zilikuwa haziivani tangu utoto, walipigania hata kiti cha dirishani, lakini muziki uliwaweka chumba kimoja kwa muda.

Ugomvi ulizuka kwenye wimbo wa mwisho. Nyamazeni alikuwa ameshajaza mapambo kabla dada mtu hajafungua kinywa, na mashine ikaanza kukwaruza. Badala ya kuipunguzia mzigo, akaiongezea muda wa kujipanga: kila sauti ikiingia, mashine inangoja kidogo ndipo iitoe. Mashine ikatulia sawasawa. Ila dada mtu, pale alipo na hedifoni masikioni, akawa anaimba neno, halafu analisikia neno hilohilo limechelewa, kama kuna mtu nyuma ya mlango anamwigiza kwa dharau.

"Kaka, siwezi kuimba hivi. Zima hayo mapambo kwanza. Nikimaliza utayawasha."

"Nikiyazima nitajuaje kama umeimba vizuri?"

"Si una masikio?"

"Wewe imba. Fundi ni mimi."

Akaimba, akajikwaa. Akaimba tena, akajikwaa palepale, na kaka mtu akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba labda wimbo umemshinda. Loo! Dada mtu alivua hedifoni akazibwaga, na nyongo ikampasuka. Alimpa vidonge vyake pale pale mbele ya maiki, kimoja baada ya kingine, mpaka mkewe Nyamazeni aliyekuwa akikata vitunguu jikoni akaweka kisu chini ili asikose hata neno. Mwishoni dada mtu akaapa, "Nikikanyaga tena humu ndani, niite mbwa!" Mlango ukapigwa hadi trei za mayai zikadondoka.

Hawakusemeshana tena. Nyamazeni alizipika zile nyimbo, akazitoa. Wimbo wa mwisho akauunga kwa vipande vya majaribio ya mwanzo. Zilisikika huku na huku, kwenye maduka ya nguo na kwenye sherehe, na watu walizicheza, lakini wanaomjua dada mtu walikuwa wakiuliza, "Hivi kweli huyu ni yeye?" Sauti ilikuwa imepakwa mpaka haionekani uso.

Halafu dada mtu akaumwa koo. Kuna kitu kilikuwa kimeota ndani, ikabidi akatwe. Uhai ulipona, sauti ikaondoka moja kwa moja. Akabaki na mkwaruzo wa pumzi tu, maneno yanatoka kama mtu anayefagia sakafu. Nyamazeni alituma salamu kupitia kwa mkewe. Kwenda mwenyewe kumwona, ng'o! Kiburi kilikuwa kimemkaa kooni kuliko ugonjwa wenyewe.

Na hapo ndipo penye shida, sikiliza vizuri. Mama yao mzazi alikuwa akiishi kwa dada mtu. Macho yake yalikuwa yameshazimika, na kumbukumbu nayo ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo. Watu aliwajua kwa sauti tu. Binti yake aliporudi kutoka hospitali na kumwambia, "Mama, nimekuja, kula," mama alisikia mkwaruzo wa mtu asiyemjua ndani ya nyumba ya mwanawe.

"Nani wewe? Mwanangu yuko wapi? Umemfanya nini mwanangu?"

Akakaza midomo. Kijiko kikipelekwa anakipiga kofi. Jirani akija kumlisha anaonja kidogo, kisha anauliza tena mwanawe yuko wapi, na uji unapoa. Nyamazeni aliitwa, ikabidi aende, akasimama mlangoni kama mgeni na kusema, "Mama, huyu ndiye mwanao." Mama akamjibu, "Na wewe wamekudanganya." Dada mtu akampigia zile nyimbo. Mama alisikiliza kidogo, akasema, "Zimeni hiyo redio, naumwa kichwa." Kila siku ikipita mikono ya mama inazidi kuwa myembamba. Mama alikuwa anakufa njaa mbele ya chakula, kwa kumkosa mwanawe ambaye yuko mbele yake.

Ndiyo maana dada mtu alikanyaga tena pale alipoapa kutokanyaga. Alikuja mchana, jua linachoma, akagonga. Nyamazeni alifungua, akamtazama juu hadi chini, na unajua neno la kwanza alilomwambia dada yake aliyetoka kwenye kisu?

"Uliniambia ukirudi nikuite mbwa."

"Niite," dada mtu akakwaruza. "Niite hata mara ngapi. Lakini nipe sauti yangu. Ile mbichi, bila mapambo yako. Simu yangu ya zamani iliibwa nikiwa naumwa, kwa ndugu ziko meseji zangu za kuandika tu. Huku kwako ndiko ilikobaki sauti yangu. Nataka mama anisikie, ale."

Nyamazeni akampisha aingie. Alikaa kwenye kiti chake, akafungua nyimbo moja moja. Iliyoiva. Iliyoiva. Iliyoiva. Akapiga moja ikiwa peke yake bila ngoma, na chumba kikajaa mwanamke wa bati anayeimba ndani ya tangi.

"Utoe huo mwangwi."

"Hautoki. Umeshapikwa humo humo. Chai ukishaitia sukari utaitoaje?"

"Ile isiyotiwa iko wapi?"

Nyamazeni akaanza kufuta vumbi kwenye kibodi.

"Kaka. Uliifuta?"

"Mashine ilikuwa inaelemewa."

"Inaelemewa na sauti yangu?"

"Na mapambo."

"Mapambo aliyatia nani?"

Nyamazeni akajifanya anatafuta kitu kwenye skrini. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, na pale alipoona mumewe anazungukazunguka, akamtolea uvivu.

"Na ile siku wifi alipokupa yako? Si maiki ilikuwa inarekodi? Mimi nilikiona kile kitaa chekundu kwa macho yangu nilipokuja kuchungulia."

"Niliifuta," Nyamazeni akasema.

Mwongo! Mwongo mkubwa! Hakuifuta, na alijua hakuifuta. Sauti ile ilikuwa imelala chini kabisa ya wimbo wa mwisho, imezimwa tu isisikike. Hakuitia hata plagini moja, maana nani anapamba matusi? Na kwa sababu haikuwa na pambo, haikula prosesa hata chembe, na kwa sababu haikula prosesa, kanuni yake haikuigusa. Aliisikiliza mara moja siku ile baada ya ugomvi, nusu tu, akaizima haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo akamkuta mkwewe. Sasa aione inatolewa mbele za watu? Afadhali ardhi impasukie.

Dada mtu alinyanyuka. Hakulia, alikuwa amefura.

"Sawa," alisema. "Mama akifa njaa, usije msibani kuniimbia na limashine lako."

Akaondoka. Safari hii hakuubamiza mlango, aliuacha wazi, na kelele zote za wachomelea vyuma zikaingia ndani. Nyamazeni hakuwaambia nyamazeni.

"Iko," mkewe akasema.

"Nimesema niliifuta."

"Nimelala na wewe sebuleni miaka yote hii, kwenye baridi, kwa sababu ya blanketi langu hilo hapo dirishani. Ukisema uongo masikio yako yanacheza. Fungua."

Akafungua. Hakuwa na pa kukimbilia. Aliondoa kila kitu, akaiacha ile peke yake, akabonyeza. Kimstari cha prosesa hakikusogea. Kililala kijani pale chini, kana kwamba mashine haijui kama inafanya kazi. Na sauti ya dada yake ikatoka, nzima, ya mtu mwenye koo zima, karibu kabisa, mpaka mkewe akageuka kumtafuta mlangoni.

*"Wewe si fundi, wewe ni mwoga! Unaogopa sauti ya mtu! Nimeimba vizuri, wewe unanipaka masizi! Mama alikuwa akiimba anafua, hana maiki, hana godoro ukutani, watu wanasimama getini kumsikiliza. Wewe ukipewa hata jogoo utamtia mwangwi! Mkeo umemlaza sebuleni kama mgeni! Hujawahi kumwambia mtu kafanya vizuri, hujawahi! Tangu tukiwa wadogo, kazi yako kuninyamazisha!"*

Na kuendelea. Yalikuwa mengi, mengine siyaandiki.

Ilipokwisha, Nyamazeni alifuta jasho usoni. Kisha fundi akarudi kwenye ufundi wake. Alianza kukata, ili abakize maneno mazuri tu ya kumpelekea mama. Akatoa tusi hili, akatoa lile, akatoa la mkewe, akatoa la jogoo. Alipomaliza kutoa matusi, kilichobaki ni pumzi.

"Rudisha," mkewe akasema.

Akarudisha. Halafu, haki ya Mungu, mkono wake ukaanza kwenda wenyewe kule kwenye mapambo. Mwangwi kidogo tu, alisema, wa kuilainisha. Mkewe alimchapa kwenye vidole kwa mwiko.

Jioni hiyo, jua bado lipo, walifika kwa dada mtu wote wawili, Nyamazeni amebeba spika ndogo kwapani na simu mkononi. Majirani walikuwa wamekaa kibarazani wanachambua mboga, wakawapisha huku wamewakazia macho. Ndani mama alikuwa ameegemezwa mito kitandani, mdomo umekazwa, bakuli la uji pembeni. Dada mtu alikuwa amekaa chini, kijiko mkononi, hajui afanye nini nacho. Alipomwona kaka yake akainuka amfukuze.

"Nilikudanganya," Nyamazeni akasema. "Iko moja."

"Ipi?"

  Nyamazeni aliweka spika na simu juu ya kiti, akabonyeza, akatazama ukutani.

*"Wewe si fundi, wewe ni mwoga!"*

Kule nje kuchambua mboga kukasimama. Dada mtu akashika koo lake kwa mikono miwili. Maneno yakawa yanamiminika, ya masizi, ya jogoo, ya mke kulala sebuleni, na Nyamazeni amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, masikio yamemwiva, akijua kwamba kuanzia kesho mtaa wa dada yake nao utamwita jina jingine, na halitakuwa zuri kuliko la kwanza.

Mama alikuwa amegeuza kichwa. Midomo ililegea.

"We mtoto!" akafoka, kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua bado anayo. "Hivyo ndivyo unavyosema na kaka yako? Ndivyo nilivyokulea mimi? Njoo hapa!"

Dada mtu alipiga magoti kando ya kitanda. Mama akapapasa, akampata bega, akampata sikio, akalivuta.

"Samahani, mama," dada mtu akasema kwa ule mkwaruzo wake.

 Mama alisikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Umeona?" akasema. "Umepayuka mpaka sauti imekukauka. Nilikuambia tangu ukiwa mdogo, hukusikia."

"Nilikosa, mama."

"Haya, na wewe!" Mama akaelekeza uso wake kule aliposikia mbao za sakafu zikilia. "Wewe kaka mtu, usijifiche. Ulimfanya nini mdogo wako mpaka akatukana hivyo?"

Nyamazeni alimtazama dada yake. Dada mtu alimtazama pia, macho makavu, hakumsaidia hata kidogo. Mkewe naye akakunja mikono.

"Nilimharibia sauti yake, mama."

"Basi mwombe radhi."

"Nisamehe, mdogo wangu."

 Dada mtu alinyoosha mkono, akachukua ile simu juu ya kiti, akaitia mfukoni mwake, wala hakuuliza. Kisha akachota uji, akaupuliza, akausogeza karibu.

"Kula, mama."

Mama akafungua mdomo.